Ngozi Isiyoshikana

Daudi mwanangu,

Najua hujalala. Kitanda chako kinalia kila unapojigeuza, na tangu tulipotoka kwenye chakula kimekuwa kikilia mfululizo. Ningeweza kuja nikakaa hapo miguuni pako nikasema ninayotaka kusema, lakini nawajua watu wawili wa nyumba hii. Tukianza tena tutafika palepale tulipofika, na majirani wameshasikia ya kuwatosha. Kwa hiyo naandika. Ukikuta doa la mafuta kwenye karatasi ni la mkono wangu, usianze kulichunguza.

Kwanza niweke mambo yalivyo, tusije tukabishana baadaye nani alisema nini. Wewe ulisema hutapanda basi la Moshi kesho asubuhi mpaka nikubali kufunga banda langu la chakula na kuhamia kwa shangazi yako Yunia kule Mvumi, niwe karibu na hospitali. Ulisema hivyo kwa sababu jana kanga iliniteleza nikiwa naanua nguo, ukaona malengelenge mawili kifuani pangu. Mimi nikasema sihami Kizota. Ukasema basi na wewe huondoki. Chuo kimeandika kwamba anayechelewa kuripoti nafasi yake anapewa mwingine, na hilo unalijua kuliko mimi maana wewe ndiye uliyenisomea. Ndipo nikasema lile neno. Nikasema usipoondoka kesho, vidonge simezi tena, hata kimoja. Ukaweka tonge chini, ukanawa, ukaingia ndani bila kuniaga. Tangu uanze kusema, hujawahi kwenda kulala bila kuniambia neno.

Nilikuwa nimepanga kukuandikia barua ya namna nyingine. Nilishaanza kuitunga kichwani nikiwa nakanda unga, barua yenye baridi ya Moshi ndani yake, na soksi, na marafiki wabaya. Sasa naona haina kazi. Soksi unafua vizuri kuliko mimi. Na marafiki wabaya, mwanangu, nina wasiwasi huna hata mmoja, kwa sababu miaka yote ambayo wenzako walikuwa wakiwatafuta wewe ulikuwa umekaa hapa unanilinda. Hayo ya kunilinda ndiyo yanayonifanya nishike kalamu.

Vilianza vidonda vya mdomoni, ukiwa darasa la sita. Unakumbuka nilivyokuwa nakuita uonje mchuzi kabla mafundi wa gereji hawajafika? Ulidhani ni heshima nakupa, ukatembea nayo mtaa mzima. Ukweli ni kwamba chumvi ikigusa ufizi wangu nilikuwa naona nyota. Mpishi asiyeweza kuonja chakula chake ni wa kuchekwa, na mimi sikuwa tayari kuchekwa. Nikawa nakula uji wa baridi nikijificha nyuma ya banda, na nikaanza kukonda.

Baba yako alikuwa amefariki kwa ajali ya lori, na Kizota nzima ilijua ni ajali, maana lori lenyewe lilivutwa hadi gereji za hapa hapa likakaa wanalitazama. Lakini mjane akianza kukonda, watu husahau lori. Mdomo una vidonda, mume amekufa, mashavu yameingia ndani. Hesabu hiyo kila mtu wakati ule aliijua kuipiga. Wateja wakaanza kuja na sahani zao wenyewe. Mmoja aliniambia eti anapenda tu sahani yake ya nyumbani. Nikamjazia maharage nikamwambia karibu tena, na nilipomaliza kuosha vyombo nikalia mpaka nikasikia kichefuchefu.

Malengelenge yalipofika kifuani na mgongoni nikapata cha kusema. Nikasema nimeungua na mafuta ya maandazi. Mafuta gani yanaruka kutoka kwenye karai yakampiga mtu mgongoni, hakuna aliyeniuliza nikiwapo. Kwenye zahanati nikasema hivyohivyo. Daktari wa watu akanitibu alichoambiwa, akanipa dawa ya kupaka, nikapaka, na wiki iliyofuata nikarudi nimeungua mahali pengine. Nikawa nazidi kuoza nikiwa na jibu zuri mdomoni. Ningeweza kufa hivyo, Daudi, kwa sababu kuungua ni ugonjwa wa mtu mwenye kazi, na ule mwingine waliokuwa wakiunong'ona ni ugonjwa wa aibu, na mimi sikujua kwamba kuna wa tatu.

Shangazi yako ndiye aliyevunja mchezo. Alikuja kutusalimia, akanikuta asubuhi shuka limenigandia mgongoni naloweka na maji ya uvuguvugu ili libanduke. Akasimama mlangoni akaniangalia. Unamjua shangazi yako, hana maneno mengi. Akasema, "Wifi, mafuta gani haya yanayokuunguza kila wiki mahali papya?" Siku ileile tukaenda Mvumi, mimi nimelala kifudifudi nyuma ya pikapu, na wewe umeniwekea mto chini ya kidevu.

Ilikuwa bahati yangu kwamba kulikuwa na daktari wa ngozi aliyekuja kutembelea. Akaniuliza habari za mafuta, nikamwambia. Hakubisha. Akachagua mahali pazima begani, mahali ambapo hapakuwa na kidonda chochote, akaweka dole gumba akasukuma taratibu. Ngozi ya juu ikateleza ikatoka. Umewahi kusugua karanga iliyokaangwa kati ya vidole, ganda jekundu likatoka bila kupingana? Hivyohivyo. Nilikuwa nikiangalia bega langu mwenyewe na sikuamini kwamba ni langu.

Akaniambia hakuna kilichoniunguza. Akaeleza kwamba mwili umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo seli, na kwamba seli za ngozi hazikai tu zimepangwa kama matofali makavu, zinashikana, na kinachozishikanisha ni protini zilizopo kwenye kingo zake, huku moja na kule nyingine, zinakamatana. Akafumbata vidole vyake vya mkono mmoja ndani ya vidole vya mkono mwingine nivione. Kisha akasema mwilini mna askari wa kupigana na wadudu, na kwamba kwangu mimi askari hao wamekosea. Wameziona zile protini wakazidhani adui, wanazishambulia. Zinaachia, seli zinaachana, maji yanaingia kwenye nafasi, na hilo ndilo lengelenge. Akafumbua vidole. Akasema hauambukizi. Halafu, bila mimi kuuliza, akasema siyo ule niliokuwa nikiuwaza.

Nililia kwa furaha. Alikuwa ameniambia sasa hivi kwamba bila dawa ugonjwa huo unaua, na mimi nikalia kwa furaha. Ujue woga wa watu ulikuwa umenifikisha wapi.

Baadaye ulipofika kidato cha pili ukaja na picha ya seli umeichora wewe mwenyewe kwa rangi, ukanionyesha kingo zinazogusana. Kliniki iliyofuata ukamuuliza daktari kwa nini kwangu ilianza mdomoni, na kwa nini askari waliokaa kimya miaka yote wameamka utu uzimani. Akakujibu kwamba watafiti bado wanayachimba hayo, hawajayamaliza. Nadhani Moshi ilianzia pale. Nitalirudia hili. Mimi kilichonikaa ni kitu kidogo tu: kwamba nilikuwa nimetembea na ngozi hii tangu kuzaliwa, nimeichuna kwa mabua ya mtama, nimeichoma juani, nimeisugua kwa jiwe, na siku zote hizo kuna kitu kilikuwa kimeishika, nami sikuwahi kujua kwamba kipo.

Basi nikapewa vidonge, vingi mwanzoni, na onyo: usipunguze mwenyewe, usiache ghafla, usimeze kabla ya kula. Daktari akasema vitanifanya nivimbe uso. Akasema kama anayeniomba radhi. Hakujua anazungumza na nani.

Maana mashavu yalipokuja, Daudi, yalikuja na wateja. Ulikuwapo. Vidonda vilikauka, uso ukawa mviringo, shingo ikanona, watu wakaanza kuniomba niwapishe mlangoni mwangu mwenyewe. Wale wa sahani za nyumbani wakarudi kwenye sahani zangu. Fundi mmoja wa kuchomelea akaniambia, "Mama Daudi, sasa umekuwa mtu." Nilijua vizuri kwamba ni dawa inayonivimbisha, tena daktari aliiita madhara. Lakini nilikuwa nikijiangalia kwenye kioo cha dirisha la gari lililoletwa kutengenezwa, nafurahi. Nilitembea taratibu ili nionekane.

Hapo ndipo akaingia mama Zuhura. Najua hulipendi jina hili, lakini vumilia, nina ninachotaka kukionyesha ambacho sijawahi kukisema. Jirani yetu huyu mumewe alikuwa amepunguzwa kazini, wakati ule serikali ilipokuwa inapunguza watu na kila mtu akaambiwa ruksa, afanye biashara anayoitaka, hata asiye na cha kuuza. Walikuwa wanakula mara moja kwa siku na hawasemi. Akakonda. Zuhura alikuwa ameposwa, na upande wa mume wakaanza kuuliza maswali ya pembeni kuhusu afya ya mama mkwe. Akaja nyumbani jioni moja, akakaa kwenye kile kigoda, akazungumza habari za mvua na bei ya mkaa mpaka maneno yakamwishia. Kisha akasema, "Mama Daudi, nigawie mashavu."

Tulicheka wote wawili. Halafu nikaona kwamba hatanii.

Nilimpa. Watu walinilaumu, na wewe ulinilaumu kuliko wote, na sijawahi kukuambia kwa nini nilimpa. Nilimpa kwa sababu nilijua kunong'onwa kukoje. Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba nilipenda. Tangu baba yako afe nilikuwa mtu wa kupewa: pole, sukari, ushauri. Sasa kuna mtu amekaa kwenye kigoda changu anahitaji kitu ambacho mimi ninacho. Kuna maduka ya dawa yalikuwa yanafunguliwa kila kona na angeweza kwenda huko, lakini hakuwa na fedha, na mimi nilikuwa na dirisha la hospitali lililokuwa likinipa kwa jina langu. Nikawa nagawa dozi yangu, yangu na yake. Nilijisikia mkubwa.

Kilichofuata unakijua, ila unakijua kwa upande wako. Kwangu yalirudi kuanzia mgongoni. Nilinyamaza tena kama nilivyonyamaza mara ya kwanza, nikavaa blauzi ya mikono mirefu kwenye joto la Oktoba. Kisha siku yalipotoka majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari ulikuja mbio tangu barabarani, na kabla sijasema neno ukanikumbatia. Nilipiga kelele. Uliniachia, na ngozi ya mkono wangu ikabaki imegandia kwenye shati lako jeupe. Ukasimama unaliangalia. Sikuwahi kuona mtoto akisimama wima namna ile. Tangu siku hiyo hujanikumbatia, na mimi sijakuomba, na wote wawili tumejifanya hatuoni.

Mama Zuhura naye kwenye harusi alipendeza, watu walimsifu, upande wa mume wakameza maswali yao. Kumbe mwilini mwake kulikuwa na kisukari kimelala kimya, na vidonge vile vikakiamsha. Kiu, haja ndogo, akaanguka. Tulikwenda wodini kumwona, mimi na wewe. Manesi walikuwa wanamuuliza kila mara kama kuna dawa yoyote anayotumia, na yeye, akiwa hata kichwa hawezi kuinua, anasema hakuna. Alikuwa ananikinga mimi. Nilisimama pale nimeshika chupa ya uji nikasikia anasema hakuna, na mimi nikanyamaza. Wewe ukamwendea nesi ukamwambia anakunywa vidonge vya mama.

Nikakutoa nje hadi kwenye veranda nikakuzaba kofi, kwa mkono uliokuwa umefungwa bendeji. Hukulia. Ukasema, "Mama, atakufa."

Hakufa, kwa sababu ulisema. Walijua sasa wanapigana na nini. Siku hizi yuko Singida na mumewe, na salamu zake hunifikia kupitia watu. Mimi nilirudishiwa dozi kubwa upya, nikaanza tena mwanzo, na yule daktari hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Tulipofika nyumbani ukakusanya vidonge vyangu vyote ukavifungia kwenye tranka lako la shule. Hukuniomba. Kila asubuhi baada ya uji ukawa unanipa mkononi na kusimama mpaka nimeze. Ulikuwa na miaka kumi na minne.

Sasa nisikilize hapa. Kosa ulilonisamehe ni lile la kumpa mama Zuhura. Ulinisamehe, nimeona. Lakini mimi sijutii hilo tu. Ninalojutia zaidi ni kwamba nilikuachia tranka. Mwanzoni nilikuachia kwa aibu, sikuwa na uso wa kukudai. Baadaye aibu ikaisha na nikaendelea, kwa sababu kulindwa ni raha. Mtu anakukumbusha, mtu anakusogezea, mtu anakasirika badala yako. Ulipochaguliwa shule ya bweni ukakataa ukabaki ya kutwa, nikawaambia watu mwanangu ananipenda mno. Nilijivunia! Nikakuona kila jioni unarudi moja kwa moja nyumbani wakati wenzako wanacheza mpira uwanjani, na nikakupikia chakula kizuri, nikadhani nimelipa.

Siku hizi ukiingia mlangoni unaniangalia shingo, kisha mikono, kisha ndipo unasema shikamoo. Hujui kwamba unafanya hivyo. Mimi nasema marahaba huku navuta kanga. Tumekuwa kama mgonjwa na nesi wanaokula sahani moja.

Nimewaza sana juu ya wale askari wa mwilini. Hawana ubaya. Wanafanya kazi waliyopewa, kwa bidii, hawalali. Tatizo lao hawajui pa kuishia. Leo kwenye chakula nilitaka kukufananisha nao, maneno yalikuwa tayari ulimini, nikajizuia. Nashukuru nilijizuia, kwa sababu ingekuwa dhuluma, na pia kwa sababu nikiangalia vizuri aliyekuwa akishambulia usiku huu nilikuwa mimi.

Kuhusu Mvumi. Nampenda shangazi yako, nyumba yake ni safi na hospitali iko karibu, yote uliyosema ni kweli. Lakini kule nitakuwa mgonjwa. Nitawekewa mkeka barazani, na kila anayepita ataniuliza nimeamkaje kwa ile sauti. Hapa Kizota nina watu wanaonisuta kwamba supu ina pilipili nyingi, wanaogombana nami juu ya ukubwa wa chapati, wanaonikopa na kukimbia. Wanapofika hawaniulizi ngozi. Banda lile nililifungua mimi, kwa mikono hii, baada ya baba yako, wakati hakuna aliyenidhania kitu. Nikilifunga nitapona na nini?

Na malengelenge haya mawili, daktari alishatuambia mara ya mwisho, wewe ukiwepo, kwamba tukipunguza dozi yanaweza kuchungulia, na yakichungulia niende, atapandisha tena kidogo. Nitakwenda. Nilikuwa nimeshapanga kwenda kwa gari la Jumatatu, na sikukuambia kwa sababu nilitaka usafiri kwanza. Ni ile tabia yangu ya kunyamaza, bado ninayo, nimeizeekea.

Naogopa, Daudi. Uliponiuliza kwenye chakula kama siogopi nilikucheka, nikakuambia mimi ni mwanamke wa Mlali, tumezaliwa tunapalilia karanga juani, tuogope nini. Naogopa. Naogopa asubuhi ya kwanza ambayo hakuna mtu atakayesimama kunitazama nimeze. Naogopa kwamba yatarudi mdomoni na nitaanza kusema nimeungua na chai. Naogopa kuugua, na naogopa zaidi kwamba ukiwa mbali nitagundua mwenyewe mimi ni mtu wa namna gani nisipoangaliwa. Lakini hilo ni langu kulijua. Umelibeba miaka yote na halikuwa lako.

Jambo moja la masomo, halafu naacha. Umechagua kazi ya maabara. Sitaki kujua kama ni kwa sababu yangu. Ila ukifika huko ukakuta kuna kitu kingine kinakupendeza zaidi, wadudu wa malaria, mkojo wa ng'ombe, chochote, kifuate. Usikae miaka mingine unaangalia ngozi yangu kwenye darubini. Watakaozichunguza hizo protini wapo, na wengine hawana mama mwenye kelele.

Sasa lile neno.

Nilijua pa kukupiga. Mtu aliyekwishaona ngozi ya mama yake kwenye shati lake, nikamwambia nitaacha dawa. Nililisema kwa makusudi, nikaona uso wako, na bado sikulirudisha. Nilikuwa na haki ya kutaka uende. Haki ya kukutishia kwa kifo changu sikuwa nayo. Na wewe pia, samahani, unafanya kitu cha namna hiyohiyo, unaninunua nihame kwa kuweka chuo chako rehani. Wote wawili tumeishika ngozi hii tunaivuta, kila mtu upande wake, na tunasema ni mapenzi. Labda ni mapenzi kweli. Lakini mimi ni mkubwa, mimi ndiye wa kuachia kwanza.

Naachia. Sikuambii nenda. Nataka uende, nataka mpaka tumbo linauma, nimewaambia nusu ya Kizota kwamba mwanangu anakwenda chuo na nitaona aibu kubwa ukibaki. Ukibaki nitakasirika. Sitakuficha, nitakasirika kwa muda mrefu na nitapika vibaya. Lakini nitakuwa nimekasirika nikiwa hai, na nitakuwa nimemeza.

Hii barua nitaisukuma chini ya mlango wako, maana bado kitanda kinalia. Isome, kisha usije. Usiseme chochote usiku huu. Kukikucha njoo jikoni na mfuko wa vidonge kutoka kwenye tranka, uuweke mezani, ukae. Nitakunywa uji. Nitachukua kidonge mwenyewe, nitakimeza, na wewe hutasimama, utakaa tu unywe chai yako. Kama umeamua kwenda, usiniambie kabla sijameza. Kama umeamua kubaki, usiniambie kabla sijameza. Nataka ukione kimeshuka wakati sijui bado.

Mama yako